Serikali itupe somo la mauaji ya kimbari, na kibao chini ya mkuyu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Barua hii ni ndefu kuliko zile unazozoea kuchapa, lakini nimekaa nayo moyoni zaidi ya miaka 30 na sijui niikate wapi.

Mwezi uliopita mjukuu wa dada yangu, anayesoma sekondari katika jimbo la Illinois huko Marekani, alinipigia simu usiku. Kwao ilikuwa mchana. Akaniambia, "Bibi, mwalimu ametupa kazi kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda. Nimewaambia wenzangu bibi yangu alikuwa palepale mpakani, hawaniamini. Niambie uliyoyaona." Nilikaa kitandani nikamweleza mpaka simu ikaisha chaji. Nilikuwa nasikia kalamu yake ikienda. Nilipomuuliza imekuwaje shule ya mbali namna hiyo ikahangaika na mambo ya Rusumo, hapa mpakani kwetu na Rwanda, akajibu kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa: "Ni sheria ya jimbo, Bibi."

Siku iliyofuata nilimwomba anieleze vizuri hiyo sheria, naye akanitafsiria. Mwaka 1990 jimbo la Illinois liliagiza kila shule ya umma, ya msingi na ya sekondari, ifundishe mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi. Lilikuwa jimbo la kwanza Marekani kulifanya somo hilo kuwa la lazima. Chanzo chake ni mji wa Skokie, karibu na Chicago, walikokuwa wakiishi Wayahudi wengi waliookoka kwenye kambi za Hitler. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kikundi cha Wanazi mamboleo kilitaka kuandamana katikati ya mji huo. Wale wazee walikuwa wamenyamaza miaka mingi, hawataki hata kuwasimulia watoto wao. Tishio lile ndilo lililowafungua midomo. Walianza na makumbusho madogo katika chumba cha duka, wakaingia madarasani kusimulia, wakawaandama wabunge wa jimbo mpaka sheria ikapita. Mwaka 2005 ikapanuliwa, ikataja kwa majina Armenia, Ukraine, Kambodia, Bosnia, Rwanda na Sudan.

Kutoka mlangoni kwangu hadi daraja la Rusumo ni mwendo wa miguu usiofika saa mbili. Nimefundisha shule za msingi wilayani Ngara tangu nikiwa binti wa miaka 23 hadi nilipostaafu. Katika muda wote huo, kila nilipowafundisha watoto habari za mto unaopita chini ya vilima vyao, nilifanya hivyo kwa kuiba dakika za kipindi kingine. Hakuna aliyenikataza, wala hakuna aliyewahi kuniagiza.

Nieleze kwa nini linaniuma.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda ilidunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Alikuwa anatoka kwetu Dar es Salaam, kwenye mkutano wa marais, na Rais Ntaryamira wa Burundi aliyekuwa naye alikufa pia. Sisi Wahangaza wa Ngara hatuhitaji mkalimani kumwelewa Mnyarwanda wala Mrundi, na siku hizo tulizoea kusikiliza Redio Rwanda kama tulivyosikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam. Kwa hiyo habari tulizipata mapema. Maana yake ndiyo ilichelewa kutufikia. Ilikuja kwa maji.

Sitaandika yote niliyoyaona nikiwa nimesimama juu ya daraja lile, maana najua gazeti hili linasomwa hata na watoto. Nitataja moja. Alipita mwanamke akiwa bado na mtoto wake mgongoni, na fundo la kitenge halijalegea. Hadi leo nikimbeba mwana wa mwanangu, mkono hunisita nikifika kwenye kufunga lile fundo.

Kwa miaka mingi nilidhani maiti zile za Watutsi zilitupwa mtoni kwa sababu wauaji walikuwa na haraka. Baadaye ndipo nilipojua kuwa tarehe 22 Novemba 1992, karibu miezi 17 kabla ya mauaji, mwanasiasa mmoja aitwaye Léon Mugesera alisimama mbele ya wafuasi wa chama chake huko Kabaya akasema Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa kupitia mto Nyabarongo. Nyabarongo ndio unaoingia Akagera, Akagera ndio Kagera yetu, na Kagera inamwaga Ziwa Victoria. Maiti hazikupotea njia zikatufikia. Mto ulitajwa hadharani mapema, watu wakapiga makofi. (Mugesera alikimbilia Kanada, akarudishwa Rwanda mwaka 2012, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha.)

Waliofika ziwani walichukuliwa na mawimbi hadi Uganda. Wavuvi wa kule waliwaopoa, na leo wamezikwa Kasensero, Lambu na Ggolo, zaidi ya watu 10,000 katika makaburi hayo matatu. Wengine hawakufika ziwani. Walinaswa kwenye mafunjo upande wetu. Hapa kijijini kwangu baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikusanya wanaume watano wenye mtumbwi, wakaenda kuwatoa kwa siku mbili. Hakuna serikali iliyowatuma. Walipata watu 11. Wakawazika chini ya mkuyu ulio juu ya bonde, na kwa kuwa hatukujua dini zao, katekista alisali sala yake na mzee mmoja Mwislamu akaomba dua yake, kisha wote wakapitisha kata ya maji kunawa. Kina mama tulileta mashuka. Mimi nilitoa la kwangu la harusi. Lilikuwa jeupe, na sikuwa na jingine jeupe.

Halafu ikaja tarehe 28 Aprili, siku ya Alhamisi. Ndani ya saa 24 hivi waliingia Ngara watu wanaokadiriwa kufika 250,000, wote kupitia daraja lile moja. Upande wa Rwanda wa daraja zilibaki lundo la panga, maana walivuliwa silaha kabla ya kuvuka. Nilizitazama zile panga kwa macho yangu. Nilikuwa na mwanangu wa miaka mitatu, akaniuliza kama wale ni wakulima.

Hapa ndipo naomba wasomaji wanivumilie, kwa sababu kuna jambo ambalo hata sisi wa Ngara hatupendi kulisema kwa sauti. Tuliwapokea vizuri. Tuliwapa ndizi na maji, na tukawaachia nyumba za shule. Na miongoni mwa tuliowapokea walikuwamo wauaji. Watu waliokimbia kwa woga, wanawake wenye watoto wachanga na wazee ambao hawakumgusa mtu, walivuka wakiwa wamechanganyika na mameya waliokuwa wametoka kuamuru mauaji. Pale Benaco, kambini kwao hapa Ngara, mameya wale waliendelea kuwa mameya. Watu walikaa kambini kwa wilaya zao za nyumbani, na orodha za chakula zilishikwa na wakubwa walewale. Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa meya wa Murambi, alionekana Benaco. Lilipojaribiwa suala la kumwondoa mwezi Juni, maelfu ya watu waliwazingira wafanyakazi wa misaada wakiwa na marungu na panga. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilikuja kumtia hatiani, na rufani yake ikaishia kwenye kifungo cha miaka 40. Mtoto wa Ngara anapita pale Benaco kila siku kwenda sokoni na hajui hata nusu ya hayo.

Desemba 1996 serikali yetu ikatangaza kuwa wakimbizi wote wa Rwanda waondoke kabla ya mwaka kwisha. Karibu nusu milioni walirudishwa, askari wakiwa pembeni mwa barabara. Sina la kuficha: wengi wetu tulifurahi, maana misitu ilikuwa imekwisha na mbuzi walikuwa wanaibwa. Lakini niliwaona pia watoto wakitembea kwenye mvua, nikajiuliza kosa lao ni lipi. Somo ninalolidai liwe na nafasi ya swali hilo pia.

Agosti 2003 nilikwenda Arusha kwenye semina ya walimu. Siku moja tulipopata mapumziko niliwaacha wenzangu wakienda sokoni, nikaingia jengo la mikutano la AICC ilikokuwa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda. Nilijua kuwa inasikilizwa kesi ya Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa Rusumo, jirani yetu wa ng'ambo ya mto. Alikamatwa mwaka 2001 hukuhuku kwetu, katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Walinipa vipokea sauti vya masikioni nikakaa nyuma ya kioo. Shahidi alikuwa nyuma ya pazia, anaitwa kwa herufi tu. Wakalimani walikuwa wakitafsiri kwa Kiingereza na Kifaransa, na mimi nilivua vile vipokea sauti, maana sauti halisi ya yule mama ilikuwa inapenya kidogo kwenye kioo na mimi Kinyarwanda nakisikia. Alikuwa anasimulia kanisa la Nyarubuye. Tarehe 15 Aprili 1994 maelfu ya Watutsi walikuwa wamejificha pale wakiamini kanisa haliguswi. Nyarubuye haiko mbali na mto. Baadhi ya waliopita chini ya daraja letu siku zile nadhani walitoka upande ule.

Mwaka uliofuata Gacumbitsi alihukumiwa miaka 30, na mwaka 2006 rufani ikaifanya kifungo cha maisha. Lakini kilichonibaki ni kwamba katika viti vya watazamaji siku ile, Watanzania tulikuwa wawili: mimi na mlinzi.

Nilirudi Ngara nikakuta darasa langu la tano linagombana. Mvulana mmoja alimwita mwenzake "mkimbizi" kwa kuwa bibi yake alitoka Burundi mwaka 1972. Yule aliyetukanwa alikuwa mtoto mpole sana, anaandika mwandiko mzuri kuliko wote. Akainamisha kichwa kwenye dawati. Wenzake wakacheka. Niliweka chaki chini. Nikawaambia kuwa kule ng'ambo, kabla ya panga, yalianza maneno. Kwamba watu waliitwa inyenzi, yaani mende, gazetini na redioni, miaka mfululizo, mpaka siku ya kuwaua ilipofika mikono haikusita. Nikawaambia kwamba bibi za watoto kama mwenzao walikimbia mauaji mengine ya Burundi, ya mwaka 1972, ambayo wengi wa waliouawa walikuwa Wahutu, na kwamba kwa sababu hiyo yeyote anayedhani kabila moja limezaliwa na dhambi hii hajui historia. Darasa lilitulia. Yule mvulana mtukanaji alibaki wakati wa mapumziko, akaniuliza: "Mwalimu, hao waliosema redioni walifanywa nini?" Nilimwambia angoje. Desemba mwaka huohuo majaji wa Arusha waliwatia hatiani watu watatu, wawili wa redio RTLM na mmoja wa gazeti la Kangura. Shule ilikuwa imefungwa, nikatembea hadi kwao kumpa jibu.

Ndugu Mhariri, swali lile la mtoto lilinifundisha kuwa watoto hawaliogopi somo hili. Sisi wakubwa ndio tunaoliogopa.

Na tungelijua vizuri, labda tungekuwa na tahadhari mwaka 2013. Wakati wa operesheni ya kuwaondoa wahamiaji haramu hapa Kagera nilishuhudia watu walioishi nasi miaka 30, walioolewa hapa na kuzika hapa, wakisombwa na kuvushwa mpaka. Sibishani na haki ya nchi kulinda mipaka yake. Nasema kwamba nilisikia majirani zangu, watu wanaokwenda ibadani, wakimnyooshea mtu kidole kwa urefu wa pua yake. Hayo yalitokea kilomita chache kutoka kwenye mkuyu. Hakuna aliyeuawa kijijini kwetu, namshukuru Mungu. Lakini kidole kile nilikitambua.

Sasa nije kwenye huo mkuyu.

Shamba lile lilibadilisha mikono. Mwenyewe wa sasa ni kijana kutoka wilaya nyingine, mtu mwema, hakuambiwa lolote aliponunua. Mwaka juzi akalima hadi kwenye shina, akapanda mihogo juu ya wale 11. Nilipomweleza, jembe lilimdondoka. Ndipo nikaamua kwenda ofisini kuomba pahala pale pawekwe alama. Ofisi yenyewe sitaitaja, wala kijana aliyenipokea sina kinyongo naye. Alinisikiliza kwa heshima, akaandika, kisha akauliza: "Mama, hao waliozikwa ni Watanzania?" Nikamjibu si Watanzania. Akasema basi suala hilo ni la ubalozi wao, sisi hatuna fungu la makaburi ya wageni.

Nimelitafakari jibu lile kwa muda mrefu. Kijana hakuwa na roho mbaya. Alikuwa ametafuta kwenye daftari lake mstari unaohusika, akaukosa. Na ndiyo maana nakuandikia wewe, kwa sababu mstari huo hawezi kuuchora yeye. Unachorwa na serikali.

Tukitaka kuona serikali inavyoweza kulibeba jambo hili, tutazame ng'ambo ya daraja. Rwanda kila tarehe 7 Aprili inaanza kumbukumbu inayoitwa Kwibuka, wiki ya maombolezo na kisha siku 100 zinazoishia Julai. Gisozi pale Kigali wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Mwaka 1998 iliundwa mfuko wa serikali wa kuwasomesha waliookoka, kuwatibu na kuwajengea nyumba. Mahakama za Gacaca, za wanakijiji kukaa kwenye nyasi na kumsikiliza muuaji aliye jirani yao, zilipitia karibu kesi milioni mbili hadi zilipofungwa mwaka 2012. Zina kasoro zake, na zipo kesi zilizolalamikiwa, lakini hakuna anayeweza kusema dola ilikaa pembeni.

Nasi hatujakaa pembeni kabisa. Tuliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya mauaji ya kimbari tangu 1984. Tunayo kamati ya taifa ya kuzuia mauaji ya kimbari, iliyoundwa mwaka 2012 kwa mujibu wa makubaliano ya nchi za Maziwa Makuu. Mkataba wa amani wa Rwanda ulitiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Tarehe 6 Aprili 2016 Rais Magufuli na Rais Kagame walifungua daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha hapa Rusumo, na kesho yake Rais wetu akawa Gisozi kwenye kumbukumbu. Nilikuwa kwenye umati wa watu siku ya daraja. Viongozi walisema mengi ya biashara, na ni kweli malori sasa yanapita haraka. Nilitamani mmoja wao atazame chini, majini, walau kwa dakika moja.

Mambo yote hayo yanafanyika juu, kwa marais na mikataba. Darasa la tano Ngara halijafikiwa. Kwa hiyo naomba haya, na naomba wahusika wa elimu, utamaduni na serikali za mitaa wayasome kama maombi ya mtu mzima mwenye akili zake.

Kwanza na kubwa kuliko yote ni darasa. Somo la historia liwe na sehemu rasmi ya mauaji ya kimbari ya Watutsi, inayoanzia na matusi na vitambulisho vya kabila, ifike kwenye mto na kambi za Ngara, na iishie Arusha. Walimu waandaliwe, maana kusimulia vibaya kunaumiza. Nimemwona mwalimu kijana akionyesha darasa picha za maiti kwenye simu, watoto wakalala macho wazi usiku. Hilo si fundisho. Kwa walioniambia kwamba shule hazina madawati na mimi naleta anasa, nawajibu kuwa nimefundisha watoto 90 katika chumba kimoja, madawati nayajua. Sheria ile ya Illinois haikutaja hata idadi ya saa. Imeiachia kila bodi ya shule iamue muda wa kufundisha. Vipindi vinne kwa mwaka vinatosha kwa kuanzia. Havihitaji jengo.

Wapo pia wanaoniambia, "Mwalimu, utaamsha waliolala, hapa tuna mchanganyiko wa watu." Hao nawaelewa zaidi, maana hofu yao ni ya kweli. Lakini watoto wanasimuliana tayari. Wanasimuliwa na simu, na wengine na babu zao waliopitia kambini upande huu au ule, kila mmoja na toleo lake. Naomba wasikie pia la mwalimu, mbele ya wenzao, mchana.

Halafu kuna Arusha. Mahakama ile iliwashtaki watu 93, na tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kutoa hukumu ya kosa la mauaji ya kimbari, na ikatamka kuwa ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Hukumu hiyo inasomwa na wanasheria dunia nzima, na ilitolewa katika mji ambao watoto wetu wanaujua kwa mlima na mbuga. Jaji wetu William Sekule aliongoza jopo lililomhukumu mwaka 2011 Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa waziri wa familia na wanawake, mwanamke wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa hili. Mohamed Chande Othman, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wetu, aliongoza waendesha mashtaka kule. Watoto wawajue watu hawa kama wanavyowajua wachezaji. Mahakama ilifungwa mwisho wa 2015 na nyaraka zake zimehifadhiwa Lakilaki, nje kidogo ya Arusha, chini ya chombo kilichorithi kazi zake. Rwanda imekuwa ikiziomba, na sioni ubaya nyaraka halisi zikienda kwa wenye msiba. Serikali yetu ihakikishe tu nakala zinabaki, na ilipe watafsiri waweke hukumu mbili kwa Kiswahili: ya Akayesu, na ya Gacumbitsi kwa sababu huyu ni wa mto wetu. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikupata kushika hata ukurasa mmoja wa hukumu hizo katika lugha ninayofundishia.

La tarehe 7 Aprili ni dogo. Dakika chache za ukimya kwenye mstari wa asubuhi, katika shule za Kagera na Kigoma, wala isingoje kadi ya mwaliko ya ubalozi.

Na mwisho ni kibao. Baba mkwe wangu alipokufa, wale wanaume watano waliokuwa naye mtumbwini walikuwa wamebaki wawili. Mmoja kati yao haoni tena, lakini alinishika mkono akanipeleka hadi kwenye mkuyu kwa kuhesabu hatua kutoka njiani, akanionyesha kwa fimbo vichwa vimeelekea wapi. Nimechora ramani kwenye daftari la mraba na wote wawili wameweka dole gumba. Mwenye shamba naye ametia saini kuwa akishavuna mihogo ataachia hatua kumi kwa kumi kuzunguka shina, bure. Fundi wa hapa ameahidi saruji. Kwenye kibao tunataka yaandikwe maneno machache tu kwa Kiswahili na Kinyarwanda: watu 11, majina hayajulikani, walitolewa mtoni Aprili 1994, walizikwa na wanakijiji. Tukiweka wenyewe bila idhini, kesho atakuja mwingine aking'oe. Kinachokosekana ni barua yenye mhuri. Nakala ya ramani ninayo, na ofisi itakayoitaka nitaipeleka mwenyewe kwa miguu.

Mihogo inavunwa Agosti.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi,
Ngara, Kagera